Maswali ya Wasomaji: King'ora Kikilia Bure, Nani Analipa?

Kwa miezi kadhaa sasa, barua za wasomaji wetu wanaoishi Marekani zimekuwa zikirudia jambo moja: bahasha ya halmashauri ya jiji imefika, ndani yake mna ankara ya polisi au ya zimamoto, na aliyeipokea hajui kama alipe, apinge au aitupe. Tumechagua barua tano, tukazifupisha, na tumeondoa majina na anwani kwa ombi la waandishi wenyewe.

SWALI: Mimi na mke wangu tulinunua nyumba Fort Worth, Texas, na kampuni ya ulinzi ikatufungia king'ora wiki ile ile tuliyohamia. Mwaka huu mama yangu amekuja kututembelea kutoka Kigoma. Tangu afike, king'ora kimelia mara tano tukiwa kazini. Mara mbili alifungua mlango wa nyuma kwenda kuanika nguo, mara moja maputo ya mahafali ya mtoto yalikuwa yakielea sebuleni, na mara mbili hatujui sababu. Kila mara polisi walifika. Sasa jiji linatudai jumla ya dola 100 kwa mara ya nne na ya tano, na linauliza kwa nini hatuna kibali cha king'ora. Kampuni haikutuambia chochote kuhusu kibali. Je, deni hili ni halali? Mama naye ameanza kuogopa kubaki nyumbani peke yake.

JIBU: Ndugu yangu, jiji lina haki ya kutoza, lakini haki hiyo ina mipaka, na kabla hujaandika hundi yapo mambo ambayo ningekuomba uyakague.

Katika jimbo la Texas, kila mji hutunga sheria zake ndogo za ving'ora, ila bunge la jimbo limeiwekea miji hiyo mipaka katika Sura ya 214 ya sheria ya serikali za mitaa. Mji unaweza kudai kibali, lakini ada ya kibali cha nyumba ya kuishi haipaswi kuzidi dola 50 kwa mwaka. Kuhusu faini, king'ora kikilia bure mara tatu ndani ya miezi 12 hutozwi kitu. Mara ya nne na ya tano ni dola 50 kila moja, ya sita na ya saba ni dola 75, na kuanzia ya nane ni dola 100. Kwa hiyo hesabu ya dola 100 uliyoletewa inaafikiana na sheria, mradi mara zote tano zimehesabiwa kwa usahihi.

Hapo ndipo pa kukagua. Sheria hiyo ya Texas inasema kwamba tukio halihesabiwi kuwa king'ora cha uongo isipokuwa askari amefika ndani ya dakika 30 tangu taarifa ilipotolewa, na akakagua ndani au nje ya nyumba, kisha akaridhika kwamba hapakuwa na uhalifu. Andikia ofisi ya ving'ora ya jiji uombe taarifa ya kila tukio: saa taarifa ilipopokelewa, saa askari alipofika, na alichokiandika. Ukiona kwamba siku moja askari alifika baada ya dakika 40, tukio hilo linaondoka kwenye hesabu, mara ya tano inakuwa ya nne, na deni lako linashuka hadi dola 50. Yakiondoka mawili, deni lote linafutika. Angalia pia tarehe, kwa maana tukio lililopita miezi 12 halipaswi kuunganishwa na la juzi. Rufaa huandikwa ndani ya siku zilizotajwa kwenye barua yenyewe, na siku hizo zikipita, hoja yako hata iwe nzuri kiasi gani haitasikilizwa.

Kuhusu kibali, sheria ndogo za miji mingi humtazama mwenye nyumba na si kampuni, kwa hiyo kusema kwamba hukuambiwa hakutakuokoa. Omba kibali leo hii, kabla ya kuandika rufaa, kwa sababu anayesikiliza rufaa hutazama kwanza kama umekwisha kurekebisha kasoro. Wakati huo huo, soma mkataba wa kampuni yako uone kama iliahidi kukusajili.

Nitasema wazi kwamba utaratibu huu wa kumbebesha mwenye nyumba mzigo wote haunipendezi. Mji wa Sandy Springs katika jimbo la Georgia ulichukua njia nyingine mwaka 2018, ukaanza kuzitoza faini kampuni za ving'ora badala ya wateja wao. Kampuni zilikwenda mahakamani, na mwaka 2021 Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho ya Mzunguko wa 11, yaani mahakama ya rufaa ya serikali kuu kwa kanda moja ya majimbo, ikaupa mji ushindi. Nakubaliana na mji ule. Aliyechagua pa kubandika kihisi (kifaa kinachotambua mlango ukifunguliwa au mtu akipita), aliyepima ukali wake, na anayepokea malipo kila mwezi, ndiye mwenye uwezo wa kuzuia king'ora kisilie bure. Lakini Fort Worth si Sandy Springs, na wewe unapaswa kuishi na sheria iliyopo.

Sasa nije kwa mama, maana sehemu hiyo ya barua yako ndiyo niliyoirudia mara nyingi zaidi. Miaka michache iliyopita nilimkuta mama mmoja wa jirani ameketi kwenye ngazi za nje ya nyumba ya mwanawe, amejifunika kitenge, king'ora kinalia nyuma yake, na mkononi ameshika hati yake ya kusafiria. Alikuwa na hakika kwamba polisi wanakuja kumkamata yeye. Alikuwa amefungua mlango apate hewa tu. Hakuna mtu aliyekuwa amemweleza kile kisanduku cha ukutani ni cha nini.

Mweleze mama mambo haya kwa utulivu, mkiwa mmesimama mbele ya kisanduku chenyewe. Mlango ukifunguliwa wakati king'ora kimewashwa, kisanduku huanza kulia kwa sauti ndogo, na mtu hupewa sekunde chache, mara nyingi 30 hivi, za kubonyeza namba ya siri. Asipobonyeza, king'ora hulia, na kituo cha kampuni hupata taarifa. Hapo mfanyakazi wa kituo hupiga simu kwa namba iliyosajiliwa. Kama namba hiyo ni yako na simu yako imefungiwa kabatini kazini, haipokelewi. Utaratibu unaokubalika katika biashara hii ni kupiga simu mbili, kwa namba mbili tofauti, kabla ya kuita polisi, na jimbo la Florida limelifanya hilo kuwa sharti la kisheria kwa ving'ora vya wizi. Kama namba ya pili ni ya mkeo, naye yuko kazini na simu iko mkobani, polisi wanatumwa. Mama, wakati huo, huenda anasikia sauti ya Kiingereza ikitoka kwenye kisanduku inamuuliza neno la siri.

Kwa hiyo badilisheni namba zilizosajiliwa, muweke za watu ambao kwa kweli hupokea simu mchana, na namba ya mama iwe mojawapo. Mpeni namba yake mwenyewe ya kuzimia king'ora, ambayo ni rahisi kwake kuikumbuka, kama mwaka aliozaa kifungua mimba wake. Neno la siri si lazima liwe la Kiingereza. Wekeni neno la Kiswahili ambalo atalitamka bila kujikwaa, mlifanyie mazoezi, na muiombe kampuni iandike kwenye faili lenu kwamba nyumbani kuna mtu anayehitaji mkalimani. Jambo la mwisho ndilo muhimu kuliko yote: mtu anapobaki ndani, king'ora kiwashwe katika hali ya kuwa nyumbani, ambayo hulinda milango na madirisha lakini huvizima vihisi vya mwendo vya sebuleni. Maputo yasingewagharimu kitu siku ile. Hewa ya kiyoyozi huyasukuma, kihisi kinaona kitu chenye joto tofauti kinatembea, na kwa kihisi hicho puto na mwizi ni kitu kimoja.

Matukio mawili msiyojua sababu yake, mwiteni fundi wa kampuni achunguze sumaku ya mlango wa nyuma na betri. Na siku nyingine mkigundua kwamba king'ora kimelia kwa makosa, pigeni simu kampuni mara moja wafute wito. Miji mingi haihesabu wito uliofutwa kabla askari hajafika.

SWALI: Nina duka la vyakula vya Kiafrika Seattle. Saa tisa usiku king'ora kililia, kampuni ikanipigia simu kuniambia kwamba polisi hawatakuja mpaka kuwe na ushahidi kwamba kuna mtu ndani. Nililazimika kuamka na kuendesha gari hadi dukani. Ninalipa kampuni hii kila mwezi. Nalipia nini hasa?

JIBU: Kwanza nakuomba, usirudie kwenda peke yako saa tisa usiku. Bidhaa zina bima, wewe huna mbadala.

Uliloambiwa ni kweli. Tangu Oktoba 2024, polisi wa Seattle hawaendi kwenye king'ora cha wizi kwa taarifa ya kihisi peke yake. Wanataka kitu cha kuthibitisha, yaani picha za video, sauti, kitufe cha hatari kilichobonyezwa na mtu, au shahidi aliyeona kwa macho. Seattle haikuwa ya kwanza. Salt Lake City ilianza utaratibu wa namna hiyo mwaka 2000. Sababu yake inaeleweka ukitazama takwimu. Mwongozo uliotolewa na Wizara ya Sheria ya Marekani kwa ajili ya polisi ulieleza kwamba mwaka 2002 polisi nchini humo waliitikia ving'ora takriban milioni 36, kwa gharama iliyokadiriwa kuwa dola bilioni 1.8, na kwamba kati ya asilimia 94 na 98 ya miito hiyo ilikuwa ya bure. Askari wawili wanaokagua mlango wa duka ambalo paka ameruka rafuni hawawezi kuwa kwa mtu anayepigwa mtaa wa pili.

Hata hivyo malalamiko yako yana msingi. Mabadiliko haya yamehamisha gharama kutoka jiji kwenda kwa mfanyabiashara mdogo, na kampuni nyingi zimeendelea kupokea malipo yale yale ya mwezi kwa huduma iliyopungua. Andikia kampuni yako uiulize, kwa maandishi, ni nini kinachotokea king'ora kikilia usiku: nani anatazama kamera, ndani ya muda gani, na kama ina mlinzi wa kumtuma. Kama jibu lao ni kukupigia simu tu, una kila sababu ya kudai punguzo au kuhama mkataba unapoisha.

Kamera moja inayotazama mlango wa mbele na nyingine inayotazama wa nyuma, zote zikiwa zimeunganishwa na kituo cha kampuni, zitatosha kwa duka dogo. Ukiamka ukamwona mtu kwenye simu yako, piga namba ya dharura, 911, wewe mwenyewe na useme kwamba unamwona mtu ndani ya duka wakati huo huo, eleza mavazi yake na mlango alioingilia. Huo si wito wa king'ora tena, ni taarifa ya shahidi, na itachukuliwa hivyo. Kitufe cha hatari kilicho chini ya meza ya malipo kitumike kwa hatari tu, kwa kuwa ndicho kilichobaki ambacho polisi wanakiamini bila picha. Kuhusu ada za miito ya bure, Seattle huidai kampuni na si wewe, lakini mikataba mingi ina kifungu kinachoiruhusu kampuni kukurudishia gharama hiyo. Kitafute.

SWALI: Tunapanga fleti Columbus, Ohio. Nilikuwa nakaanga samaki, king'ora cha moshi kikalia, jirani akapiga simu, gari la zimamoto likaja. Hawakusema lolote kuhusu malipo. Je, nitaletewa ankara? Mume wangu ameshatoa betri.

JIBU: Irudisheni betri leo kabla hujaendelea kusoma.

Kile king'ora kidogo cha darini kinacholia ndani ya fleti yako tu, kwa kawaida hakimo katika sheria ndogo za ving'ora, kwa kuwa hakijaunganishwa na kituo chochote wala hakiiti mtu. Jirani aliyepiga simu kwa nia njema hajakutia hatiani. Mambo hubadilika pale jengo zima linapokuwa na mfumo mmoja wenye vihisi vya moshi kwenye korido, unaoita zimamoto wenyewe. Mfumo huo ni wa mwenye jengo, na ankara ya kulia bure mara kwa mara humwendea yeye, ingawa wapo wanaojaribu kumpelekea mpangaji. Usikubali kulipa kwa kuambiwa mdomoni. Mwombe akuonyeshe kifungu cha mkataba wako na ankara yenyewe ya jiji. Na unapokaanga, usifungue mlango wa korido ili moshi utoke. Wengi hufanya hivyo, na ndipo mfumo wa jengo zima unapoamka. Fungua dirisha.

SWALI: Mdogo wangu aligonga nguzo ya taa California akiwa amelewa. Amehukumiwa, amelipa faini ya mahakama. Sasa jiji limemletea ankara nyingine ya dola 1,900 kwa ajili ya "gharama za kuitikia dharura". Je, mtu analipa mara mbili kwa kosa moja? Na tangu habari hii ilipozagaa, wazazi wetu wanasema ni bora mtu asipige 911 kabisa.

JIBU: Nitajibu maswali yako mawili kwa kutenganisha, kwa sababu kuyachanganya ndiko kulikowatia hofu wazazi.

Ankara ya mdogo wako ina mizizi ya kisheria. Sheria ya California inasema kwamba mtu aliyeendesha chombo akiwa amelewa, na kwa uzembe uliotokana na ulevi huo akasababisha tukio lililohitaji watu wa dharura, anawajibika kulipa gharama za kuitikia tukio hilo, na deni hilo halitazidi dola 12,000 kwa tukio moja. Hilo ni deni la kiraia, halihesabiwi kuwa adhabu, ndiyo maana linakuja juu ya faini ya mahakama. Lakini sheria hiyo hiyo inasema gharama ziwe za haki na ziwe zimetokana moja kwa moja na tukio lile. Aombe mchanganuo wa ankara: ni askari wangapi, saa ngapi za kazi, kwa kiwango gani, na magari gani. Akiona askari wanne wameandikwa saa tano kila mmoja kwa nguzo moja ya taa, ana haki ya kuuliza walikuwa wakifanya nini. Aulize pia kama anaweza kulipa kwa awamu. Nguzo yenyewe ni deni jingine, na hilo huwa la bima ya gari.

Msingi wa mambo haya ni wa zamani, na unafaa kueleweka. Mahakama za Marekani kwa muda mrefu zimeshikilia kwamba gharama za zimamoto na polisi hubebwa na jamii nzima kupitia kodi, na haziwezi kudaiwa kwa mtu kwa sababu tu uzembe wake ndio uliowaita. Kesi inayotajwa sana ni ya mji wa Flagstaff, Arizona, ambao ulilishitaki shirika la reli baada ya mabehewa yaliyobeba gesi ya petroli kuacha reli, na watu wakalazimika kuhamishwa. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa 9 iliunyima mji fidia ya gharama hizo. Hukumu iliandikwa na Jaji Anthony Kennedy, ambaye baadaye alikwenda Mahakama ya Juu ya nchi. Mahakama haikusema kwamba gharama hizo haziwezi kudaiwa kamwe. Ilisema kwamba kazi ya kuamua nani azilipe ni ya watunga sheria.

Na watunga sheria wameamua, kila mmoja kwa namna yake. California iliwachagua madereva walevi. Arizona mwaka 1995 ilitunga sheria ya kumdai hadi dola 2,000 dereva anayevuka kizuizi na kuingia kwenye barabara iliyofurika maji, akaja kuokolewa. Florida ilikwenda upande wa pili kabisa, ikazikataza kaunti na miji kuwatoza watu ada ya askari na zimamoto wanaofika kwenye ajali ya gari. Ndiyo maana mtu wa Tampa, huko Florida, na mdogo wako wa California wanaweza kupata ajali inayofanana, mmoja akaletewa ankara na mwingine asiletewe. Unapoletewa deni la namna hii, swali la kwanza ni moja: ni sheria gani, ya mji gani, inayowapa haki ya kudai? Barua halali hutaja kifungu. Isiyotaja kifungu, iombe kabla ya kulipa.

Sasa wazazi. Tafadhali wasomee sehemu hii kwa sauti. Kupiga 911 hakutozwi. Mtu anayepiga kwa nia njema kwa sababu ameona moto, amesikia kishindo, au baba ameshika kifua, hadaiwi kwa sababu ya kupiga, hata ikija kuonekana kwamba haikuwa hatari. Anayeadhibiwa ni yule aliyedanganya kwa makusudi.

Kinacholipishwa ni gari la wagonjwa likikubeba hadi hospitali, na hapa sitawaficha, ankara hiyo inaweza kuwa kubwa. Sheria ya shirikisho iliyoanza kutumika Januari 2022 kuwalinda wagonjwa dhidi ya ankara za ghafla inahusu ndege za wagonjwa, lakini magari ya barabarani iliyaacha nje. Naliona hilo kuwa pengo kubwa, kwa kuwa watu wengi hubebwa kwa gari, si kwa ndege. Lakini ankara ya gari la wagonjwa hujadiliwa. Bima za afya za serikali, yaani Medicare (hasa ya wazee) na Medicaid (ya wenye kipato kidogo), hulipia safari ambazo mgonjwa alizihitaji kitabibu. Idara nyingi za zimamoto zina fomu ya kuomba msamaha au punguzo kwa wenye kipato kidogo, na fomu hiyo haiji na ankara, inabidi uiombe. Kiharusi hakingoji mtu afanye hesabu. Baba akipooza upande mmoja wa uso, pigeni simu, na ankara mtaijadili yeye akiwa hai.

SWALI: Naandika kutoka Pennsylvania, naomba msitaje mji. Nimeachana na mume wangu, naye huja usiku kugonga mlango na kutukana. Mara moja niliita polisi, mara moja majirani waliita. Mwenye nyumba ameniambia kwamba mji una sheria ya kuhesabu ziara za polisi, na kwamba wakija mara ya tatu atalazimika kunitoa ili asipoteze leseni yake ya kupangisha. Je, ni kweli? Nina watoto watatu. Juzi alipokuja sikupiga simu.

JIBU: Dada yangu, akija tena, piga simu. Nitakueleza kwa nini sheria iko upande wako, lakini hilo ndilo nililotaka ulisome kwanza.

Mwenye nyumba wako hajaitunga hadithi hiyo. Miji kadhaa iliwahi kuwa na sheria ndogo za kuhesabu miito ya polisi kwa kila nyumba, kwa hoja ile ile ya ving'ora: kwamba nyumba inayoita mara nyingi inalitia jiji gharama na inapaswa kuwajibishwa. Lakini kihisi kibovu cha mlango hakiwezi kufananishwa na mwanamke anayepigwa, na jimbo lako limeona matokeo ya kuvichanganya. Katika mji wa Norristown, ulio huko huko Pennsylvania, sheria ndogo ilihesabu miito mitatu ndani ya miezi minne. Mwanamke mmoja aliyeonywa kwamba atatolewa aliacha kuita polisi, na mwaka 2012 alishambuliwa vibaya hadi akapelekwa hospitali kwa helikopta. Alipeleka shauri lake mahakamani, na mwaka 2014 mji ulikubali kuifuta sheria hiyo na kulipa dola 495,000.

Mwaka huo huo wa 2014, Pennsylvania ilipitisha sheria inayokataza miji kumwadhibu mkazi, mpangaji au mwenye nyumba kwa sababu ya kuita polisi au msaada wa dharura, iwapo aliyeita aliamini kwa haki kwamba msaada ulihitajika kuzuia unyanyasaji, uhalifu au dharura. Sikiliza vizuri: inamlinda na mwenye nyumba pia. Hofu yake ya kupoteza leseni kwa miito kama yako haina msingi tena, na huenda hajui. Mwaka 2022 Bunge la Marekani likaongeza ulinzi kama huo katika sheria ya shirikisho ya kuzuia ukatili dhidi ya wanawake. Inasema kwamba mtu ana haki ya kuomba msaada wa polisi au wa dharura akiwa nyumbani kwake, kwa ajili yake au ya mwingine, na kwamba mamlaka zinazopokea fedha fulani za maendeleo ya jamii kutoka serikali kuu haziwezi kumtoza faini, kumtoa, wala kukataa kumwongezea mkataba kwa sababu hiyo.

Vitisho vya mdomo vigeuze viwe maandishi. Mtumie mwenye nyumba ujumbe mfupi wa simu, kwa adabu, umuulize kama ni kweli alisema utatolewa polisi wakija tena, na uhifadhi jibu lake. Andika kwenye daftari tarehe na saa za kila siku mume uliyeachana naye alipokuja, pamoja na ile ya juzi ambayo hukupiga simu. Ukiwa na vitu hivyo viwili, nenda kwa wanasheria wa msaada wa bure wa kaunti yako, ambao wanaweza kukusaidia kuomba amri ya mahakama ya kumzuia asikukaribie, na kumwandikia mwenye nyumba barua inayotaja sheria hizi mbili. Malalamiko dhidi ya mji yanaweza kupelekwa pia katika wizara ya shirikisho ya nyumba. Usiku ambao hujui pa kuanzia, simu ya taifa ya waathirika wa ukatili wa majumbani ni 1-800-799-7233. Inapokelewa saa zote, nawe utaomba mkalimani kwa kusema neno moja tu, "Swahili", na kusubiri kwenye simu.

Mfundishe mtoto wako mkubwa kutaja anwani ya nyumba yenu kwa Kiingereza, pamoja na namba ya fleti. Mfanye airudie mbele yako mpaka aitamke bila kufikiri.